Mzazi wa Marehemu

Siku mahakama ya ng'ambo ilipoomba mate ya Mama Bonge, mtaa ulijua kabla yake. Karani wa mahakama ya hapa alimpigia simu Msusi, binti wa Mama Bonge, saluni kwake, na binti, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kichwani kwa mteja, akaiweka simu kwenye spika. Waliokuwa wakisubiri zamu wakasikia kila kitu, na watu wa saluni, tuseme ukweli, hawana kifua. Msusi alipofika nyumbani akihema, majirani walishampongeza mama yake, wakanywa na chai yake.

"Mama, umesikia? Wamekubali!" Hata viatu hakuvua. "Mahakama ya kule imeiandikia ya hapa. Utaingia kwa hakimu, muuguzi atakupitishia pamba mdomoni, basi. Watalinganisha na ya mtoto. Yakifanana, kesi imekwisha, mtoto ni wa kaka."

"Mate yangu," alisema Mama Bonge.

"Ya nani tena? Si wewe uliyemzaa?"

Mama Bonge alikuwa na shuka mkononi, ameshaikunja. Akaikunjua, akaikunja upya.

Kaka aliyekuwa akisemwa ndiye Bonge mwenyewe, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kujaza shati. Watoto wenzake walimpachika jina hilo kwa kuzicheka mbavu zake, likamganda, na mama yake naye akabebeshwa, hata jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika mtaani. Bonge alisomea kuchomelea vyuma, akapata mkataba nje, akawa anaziba nyufa za matangi ya mafuta bandarini. Siku moja aliingia kwenye tangi aliloambiwa limeoshwa. Halikuwa limeoshwa. Kilichozikwa kule kilikuwa kidogo sana, na daktari wao aliandika kwamba moto haukuacha chochote cha kupimwa.

Aliacha mwanamke waliyekuwa wakiishi pamoja, hawajafunga ndoa, na mimba changa. Mtoto wa kiume akazaliwa hana baba duniani wala kwenye karatasi. Kampuni ilipotakiwa imtambue yatima wa mfanyakazi wake, wakili wake alisimama mahakamani akasema mwanamke yeyote anaweza kuja na mtoto mkononi na kumtaja maiti. Maneno hayo yalitafsiriwa, yakafika mpaka kwa Mama Bonge, naye akalia kwa hasira kuliko alivyolia msibani. Kila Jumapili mkwe wake alimpigia kwa video, wakaongea kwa ishara na vimaneno vya kuokoteza, na yule mtoto alikuwa akijisogeza kwenye simu mpaka linabaki kuonekana sikio tu. Sikio lilikuwa la Bonge, limechomoza vilevile. Bibi hakuhitaji mashine imwambie.

Sasa jambo lenyewe ni hili: Mama Bonge hakumzaa Bonge.

Aliyemzaa alikuwa mdogo wake wa mwisho, msichana mcheshi, mpenda kujiremba, aliyepata mimba kwa kijana mpiga picha mwenye studio karibu na mahakama. Kijana alipoambiwa akaruka futi mia: si yangu hiyo, mtafuteni mwingine. Baba yao alikuwa mkali kupindukia. Basi dada mkubwa, aliyekuwa ameolewa na miaka inapita hajashika mimba, akamchukua mdogo wake akakaa naye mbali na macho ya watu, na tangu siku ya kwanza kliniki akamwandikisha kwa jina lake yeye dada. Walicheka sana siku ile. Muuguzi akiita jina, mdogo mtu anasahau kuitika, mpaka dada amkanyage mguu. Ilikuwa hila ya wasichana wawili waliodhani wanafunika aibu ya muda mfupi tu.

Mtoto hajaota hata jino, homa ikamchukua mama yake. Cheti cha kuzaliwa kikatoka na jina la dada, na dada hakuona sababu ya kukisahihisha, maana mtoto alikuwa mgongoni mwake. Mumewe alijua, akanyamaza mpaka naye akafa. Baadaye, walipokuwa wameshakata tamaa, wakampata Msusi. Kwa hiyo karatasi zote zilisema uongo mmoja, na mahakama ya ng'ambo, kwa nia njema kabisa, ilikuwa imezifuata.

Asubuhi ya siku yenyewe waliketi kwenye benchi la korido ya mahakama. Msusi alikuwa amemsuka mama yake na kumpaka mafuta mpaka anang'aa. Muuguzi aliyetumwa na hospitali alikaa karibu nao, boksi lake dogo limebandikwa karatasi ya mhuri. Alikuwa mwanamume mchangamfu, wa kutaniana na kila anayepita.

"Usiogope, mama. Hakuna sindano. Ni kama kupiga mswaki, ila leo dawa ya meno imetuishia."

"Hivi," Mama Bonge aliuliza akitazama pembeni, "kama angekuja ndugu tu, tuseme dada wa huyo bibi, ingefaa?"

"Dada mtu? Aa, hapo majibu yanakuja nusunusu, ya kubahatisha. Wakili wa kampuni angeyatafuna mchana kweupe. Bibi mzaa baba au babu mzaa baba, hapo hakuna ubishi. Na mbaya zaidi ni kutoa mate ya asiye mzazi ukasema ni mzazi. Majibu yatasema mtoto si wa familia hii, kwisha habari yake." Akacheka. "Lakini wewe wasiwasi wa nini? Mzazi upo!"

Msusi akacheka naye.

Mbele ya Mama Bonge palikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa za kupoteza. Akinyamaza na kufungua mdomo kwa ajili ya pamba, mjukuu wake anatupwa nje, tena kwa mkono wa bibi yake. Akisema ukweli, mjukuu anaweza kupona, lakini yeye hatakuwa tena mama wa marehemu mbele ya mtu yeyote, na huyu binti anayechekacheka hapa atalisikia jambo hili kwa mara ya kwanza chumbani kwa hakimu. Siku zote alijiambia kwamba wa kwanza kuambiwa atakuwa Bonge, akirudi likizo, wakikaa wawili tu. Bonge hakurudi. Hilo lilimuuma kuliko yote, kwamba karani na muuguzi wangejua, na mwenyewe amekufa hajui.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Mezani palikuwa na bahasha nene iliyopitia wizara mbili kabla ya kumfikia, na tafsiri yake iliyogongwa mhuri kila ukurasa. Alimwapisha Mama Bonge, kisha akamweleza polepole.

"Kesi hii si yangu, mama. Mimi nimewaazima wenzetu mikono tu. Walichoniomba nitafanya, wasichoniomba sina ruhusa. Nitakusomea maswali yao kama yalivyo, utajibu, karani ataandika, tutawarudishia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mheshimiwa."

"Swali la kwanza. Taja majina yako kamili."

Akayataja. Msusi, aliyeruhusiwa kukaa nyuma karibu na mlango, alitabasamu kuyasikia yote kwa pamoja.

"Swali la pili. Una uhusiano gani na marehemu?"

Feni ilizunguka juu yao, ikikwama kidogo kila mzunguko. Karani alikuwa ameshaanza kuandika jibu kabla halijatoka, maana lilikuwa moja tu.

"Nimemlea," alisema Mama Bonge.

"Mheshimiwa, ana maana ni mama yake," Msusi alidakia. "Msamehe, ana woga."

Hakimu alimnyamazisha kwa kiganja bila kumtazama. "Mama, wameuliza uhusiano."

"Mimi ni mama yake mkubwa." Alijikaza, akayatoa yote kwa mkupuo kabla moyo haujageuka. "Alimzaa mdogo wangu. Mdogo wangu akafa, mimi nikamchukua. Kliniki tulidanganya jina. Cheti ni cha uongo, mheshimiwa, na mimi nimeapa. Mkichukua mate yangu mtamponza mtoto wa watu, na mtoto ni wetu, nakuapia ni wetu."

Nyuma yake kiti kilikwaruza sakafu. Hakuthubutu kugeuka.

Hakimu alirudia kuisoma tafsiri kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. "Wameomba nichukue sampuli ya mama mzazi," alisema mwishowe. "Umeniambia kwa kiapo si wewe. Basi siwezi kukugusa. Muuguzi atarudi na boksi lake, nami nitawaandikia nilichokikuta."

"Kisha?"

"Kisha wataamua. Wanaweza kuleta ombi jingine, wakiwa na la kuomba." Alivaa miwani, akaivua tena. "Hawajaniuliza kama kuna mzazi mwingine aliye hai. Kwa hiyo na mimi siwezi kukuuliza."

Akaweka kalamu mezani, akafumbata mikono, akangoja. Karani naye hakuondoa vidole kwenye kompyuta.

Mama Bonge akaelewa. Tangu walipomzika mdogo wake hakuwahi kulitaja jina la mtu yule wala kumjibu salamu, na mara zote alipopita mbele ya studio yake alivuka barabara. Sasa alitakiwa amchukue mtoto wake, aliyemuuguza surua, aliyemwuzia cherehani ili asome ufundi, amkabidhi kwa mwanamume ambaye hakuwahi kumnunulia hata kalamu.

"Baba yake mzazi yuko hai," alisema. "Ni yule mzee mpiga picha wa hapo mbele, wanakopigia picha za pasipoti."

"Andika," hakimu alimwambia karani, na sauti yake ilikuwa imelegea.

Mama Bonge alipotoka nje koridoni, Msusi hakuwepo. Hakuwepo nyumbani pia. Alipita muda mrefu bila kukanyaga kwa mama yake, akituma tu mahitaji kwa mtu, na mtaa, ambao safari hii hakuna aliyeusimulia chochote, ukakaa roho juu. Kisha alasiri moja akaja na kitana na kopo la maji ya moto, akamketisha mama yake kwenye kigoda, akaanza kumfumua nywele bila salamu.

"Kaka alijua?" aliuliza baada ya kufumua upande mzima.

"Hakujua."

"Na mimi ni wa nani?"

"Wewe nimekuzaa mwenyewe, na kelele nilizopiga zilimkimbiza mkunga."

Msusi alitaka kununa, akashindwa, akacheka, na kicheko kikageuka kilio papo hapo. Aliegemeza paji la uso kwenye kichwa cha mama yake. "Ungeniambia mimi," alisema. "Tungebeba wawili." Ni kweli, Mama Bonge angeweza kumwambia. Walilia pamoja mpaka maji yakapoa, wakayapasha tena.

Ombi jipya lilipofika, bahasha nene kama ile ya kwanza, hakimu aliita wahusika na kuwaeleza kwamba mpiga picha hawezi kulazimishwa. Akikataa, inaandikwa amekataa, na mambo yanaishia hapo. Wito alishapelekewa na hakuusaini. Basi Mama Bonge akapiga moyo konde, na mara hii hakuvuka barabara.

Studio ilikuwa chumba kimoja, kitambaa cheupe ukutani, kigoda cha kuzunguka, taa yenye mwavuli. Ukutani zilijaa harusi za watu ambao wengine walishaachana. Mzee alimtambua mara moja. Alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Shemeji," alisema.

"Usiniite shemeji. Hukuoa kwetu."

"Sawa."

"Umeletewa karatasi ya mahakama."

"Nimeletewa. Niliogopa. Nina mke, nina wajukuu, nitawaambia nini?"

"Utawaambia ulichokifanya. Mimi nimesimama mbele ya hakimu nikamkana mwanangu, binti yangu anasikia. Wewe unaombwa mate tu!" Hakuwa amekusudia kupiga kelele, lakini alipiga, na mteja aliyekuwa anaingia akageuza. "Huko ng'ambo kuna mtoto wanamwita wa kuokotwa. Na hakumkosea mtu."

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilimpiga picha," alisema mwishowe. "Kijana wako, alipokuwa anaondoka kwenda huko. Aliingia hapa akaketi pale, nikamwambia anyanyue kidevu, nikaona masikio. Masikio ni ya marehemu baba yangu. Zilitoka nne. Nilimpa tatu, nikamwambia moja imeharibika."

"Ukamwona ni wako, ukamwacha aende?"

"Ningemwambia nini? Aliniuliza bei, nikamwambia ni bure, akanishukuru sana. Akasema mama yake atafurahi."

Mama Bonge alikaa kwenye kile kigoda. Alikuwa amekuja na matusi ya miaka yote, ameyapanga, na sasa hayakutoka. Alimwona Bonge wake pale, kidevu juu, akimshukuru baba yake kwa picha za bure. Akatoa simu, akamwonyesha mzee picha ya yule mtoto, naye akaitazama muda mrefu, akiisogeza karibu na mbali kama afanyavyo mpiga picha.

"Nitakuja," alisema.

Nisikuweke roho juu: alikuja, na mtoto alipata jina. Majibu yalitoka, kampuni ikafyata mkia, na sasa yule mtoto anaandikwa kwa jina la baba yake shuleni na hospitalini na popote anapoandikwa mtu. Mkwe alipiga simu siku hiyo akilia na kucheka, na Mama Bonge alifurahi kwa moyo wake wote. Lakini siku inayomrudia kila akikaa peke yake si hiyo. Ni siku ya mate.

Walikaa benchi lilelile, Msusi upande mmoja, mzee upande wa pili, amevaa koti la suti lililompwaya. Muuguzi alikuwa yuleyule, na safari hii hakutania. Mlango wa hakimu ukafunguliwa, karani akatoa kichwa, akasoma kwenye karatasi yake.

"Mzazi wa marehemu!"

Mama Bonge akasimama. Hakufikiri, alisimama tu, akavuta mtandio begani, akapiga hatua. Ndivyo alivyosimama shuleni walipoita mzazi wa Bonge, na hospitalini, na siku ile walipokuja watu wa kampuni kuleta habari. Mzee alibaki ameketi, maana hajazoea kuitwa hivyo.

Karani alimtazama, akatazama karatasi, akashusha sauti. "Siyo wewe, mama. Samahani. Anayeitwa ni mzee."

Msusi alimshika mama yake mkono. Mama Bonge alisimama vile katikati ya korido, kisha akageuka akamgusa mzee bega. "Inuka," alimwambia. "Unaitwa wewe."

Mzee aliinuka kwa shida. "Wataniuliza nini?"

"Watakuuliza uhusiano wako na marehemu. Sema baba."

"Na majina yake?" Macho yalikuwa yamejaa hofu. "Nimeyasoma kwenye wito, yamenitoka yote. Mimi namjua kwa sura tu."

Basi Mama Bonge akamwambia majina ya mwanawe, yote matatu, taratibu, moja moja. La kwanza alikuwa amelichagua mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni. Mzee akayarudia, akakosea la kati, akasahihishwa, akayarudia tena mpaka akayashika, akaingia nayo ndani akiyanong'ona, na mlango ukafungwa.

Kisha Mama Bonge akaketi, kwa kuwa yeye hakuitwa.